Ndege ya Plastiki na Mtani Wangu

Jumatatu, 7 Agosti 2017

Msasa tena. Bawa la kushoto, asubuhi mpaka jioni. Vumbi la faibaglasi limeniingia shingoni, najikuna kama mbwa wa jalalani. Mwaka jana karakana hii ya Bosi Kobus, hapa Turffontein ugenini, ilitengeneza tembo wa kuweka mbele ya duka la matairi. Kabla ya hapo baga moja kubwa kama banda la kuku. Sasa ndege ya kivita. Haina injini, haina waya hata mmoja. Ndani ni mabomba ya chuma na hewa. Eti itapandishwa juu ya nguzo kwenye kambi ya ndege, iwe ukumbusho wa marubani waliokufa kwenye vita kuu.

Baga ilikuwa na heshima zaidi. Baga haikujifanya inaruka.

Masanja wa kuchomelea kala nyama yangu yote ya mchana. Kanibakizia mchuzi. Msukuma hana haya.

Alhamisi, 10 Agosti

Kanali kaja. Mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya ukumbusho, masharubu yamepakwa mafuta. Kasimama mbele ya bawa langu akibishana na bosi kwamba kahawia hii siyo kahawia ya vita. Ana kipande cha bati mfukoni, anadai kimetoka kwenye ndege yenyewe. Anakitoa, anakilaza juu ya rangi, anatikisa kichwa. Kahawia ni kahawia, bwana wee. Nimepaka upya.

Kazaliwa vita vimekwisha, huyu. Na kazi yake jeshini ilikuwa kugawa mablanketi, bosi mwenyewe katuambia akicheka mzee alipoondoka. Hajarusha hata tiara. Lakini ukimwona anavyolipapasa lile dege, utadhani alizaliwa ndani yake.

Jumanne, 15 Agosti

Didier kaniudhi. Mkongo wa Lubumbashi, mpaka rangi mwenzangu, mzee wa kanisa mtaa wa Troyeville. Ndiye mkalimani wetu kwa bosi, maana Kiingereza changu kinachechemea na cha Masanja hakijazaliwa bado. Leo kaniuliza kwa sura ya msibani: "Kila siku minakusikia unamwambia utamuzika. Ile si maneno ya mukristu."

Nikamwambia mimi si Mkristo.

Halafu nikamweleza. Masanja ni Msukuma, fundi wa kuchomelea. Fremu yote ya dege na nguzo yake ni kazi ya mikono yake. Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu. Ananiita mtumwa wake, namwita mbeba mizigo wangu. Anakula chakula changu bila kuomba, navaa koti lake bila kuomba. Kukasirika marufuku. Akifa mmoja, mwenzake ndiye atakayeshuka kaburini kwanza, alale humo, agome kutoka, mpaka waliofiwa wacheke. Miaka yote hii hajawahi kuniita Pazi. Sidhani hata kama analijua jina langu.

Didier akasema kwao utani ni mambo ya watoto. Akarudi kwenye brashi yake. Mtu mzima ovyo.

Ijumaa, 18 Agosti

Baridi kali. Rezini, gundi ya faibaglasi, inagoma kukauka, tumewasha mahita pande zote za mkia na bado inanata. Nimevaa koti la Masanja kutwa nzima. Linanuka moshi wa kuchomelea. Yeye kabaki na fulana, anatetemeka, anajifanya haoni baridi. Kaniambia Wazaramo tuliumbwa kwa ajili ya kulala na kucheza ngoma, ndiyo maana damu yetu nyepesi. Mjinga huyu atapata nimonia na lawama nitabeba mimi.

Bamba la majina limeletwa. La shaba, linang'aa. Nimelisoma lote. Marubani tupu. Waliozifunga bolti hawamo, waliopika hawamo. Na sisi tunaolitengeneza hatutakuwamo. Sikutegemea.

Jumatano, 23 Agosti

Limekwisha. Limekaa katikati ya karakana kijani na kahawia, tumbo la samawati, propela ya kuzungushwa na upepo. Watu wa kamati wamekuja na wake zao kupiga picha. Mama mmoja kalia machozi ya kweli. Kwa plastiki! Masanja kaninong'oneza kwamba kama wanalia hivi kwa ndege ya uongo, yeye atawatengenezea ng'ombe wa uongo awauzie. Nikacheka hadi bosi akanitazama vibaya.

Jumamosi linapandishwa. Kanali kamwita mpiga picha wa gazeti.

Jumamosi, 26 Agosti

Masanja kaanguka.

Naandika ingawa mikono inawaka moto.

Upepo ulianza tukiwa bado njiani. Tulipofika kambini vumbi la machimbo ya jirani lilikuwa limeziba jua. Mwenye kreni alisema tungoje. Kanali akasema mpiga picha hawezi kungoja. Bosi akatazama viatu vyake, kisha akasema twende. Masanja alikuwa juu ya jukwaa la mabomba, kando ya nguzo, tayari kuingiza bolti. Mimi na kamba ya mkia. Kazi yangu kulizuia lisizunguke. Alipokuwa anapanda nilimpigia kelele kama kawaida: leo nakuzika, Msukuma wee! Akajibu nichimbe kwanza, Mzaramo hawezi jembe.

Lidege lilifika juu, upepo ukalishika. Jepesi, ndani hewa tupu. Likageuka. Nilivuta. Wallahi nilivuta. Kamba ikakimbia kwenye viganja vyangu, ngozi ikaenda nayo. Bawa likampiga Masanja kifuani. Bawa langu, la kushoto.

Hakupiga kelele. Kwanza kofia ilifika chini, halafu yeye.

Jumapili, 27 Agosti

Hospitali. Nyonga imevunjika, kichwa kimegonga zege. Hajazinduka. Muuguzi kaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema mtani. Hakuelewa. Nikasema ndugu.

Nina hofu. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 28 Agosti

Bosi kaniita ofisini. Kanali ndani, Didier ndani. Wameniuliza kwa nini niliachia kamba. Nikawaonyesha viganja. Kanali akasema aliyeachia kamba naye huungua. Bosi akasema watu wamesikia nikimtisha Masanja kila siku, na Jumamosi ile nilisema mbele ya kambi nzima kwamba namzika. Nikamtazama Didier. Akatazama sakafu. Kaulizwa, kajibu. Maneno niliyasema kweli, hakuongeza hata moja.

Upepo haukutajwa. Mpiga picha hakutajwa.

Bosi kasema hivi: Masanja akizinduka ataulizwa, na neno lake ndilo litakaloamua. Akisema niliachia makusudi, sina kazi. Na bosi ndiye anayeniandikia barua ya kibali cha kazi kila mwaka. Bila barua hiyo, Turffontein kwaheri, narudi Kisarawe mikono mitupu, na sifa ya muuaji juu.

Wapuuzi. Wanatafuta wa kumtwisha. Ningekuwa na mkono mzima ningemshika mtu masharubu.

Alhamisi, 31 Agosti

Nimezuiwa kuingia karakana. Nashinda hospitali. Nimemtukana Masanja sikioni kwa matusi yote ninayoyajua, kuanzia ng'ombe wa babu yake hadi michembe ya viazi wanayokula kwao. Hakujibu. Msukuma kunyamaza! Muuguzi kaniomba nipunguze sauti.

Wamelipandisha dege jana, kasema Didier. Limekaa sawa. Bolti za Masanja zimeingia zote bila kulazimishwa. Kaniambia hayo kwenye simu, akasita, kisha akasema kanisani wanamwombea. Nimesema asante. Imeniuma kusema.

Jumamosi, 2 Septemba

Kazinduka.

Niiandike vizuri hii. Bosi kaja na Didier. Mimi nimesimama miguuni pa kitanda. Masanja kafumbua macho, uso umevimba, midomo imepasuka. Bosi akauliza, Didier akatafsiri polepole, kila neno mahali pake: "Huyu muntu aliachia kamba kwa kupenda? Alitaka kukuumiza?"

Masanja akanitazama. Nikamwona anatafuta nguvu. Akacheka, kicheko kidogo chenye mikwaruzo, akaninyooshea kidole.

"Ndiye! Huyu mtumwa wangu alitaka kuniua tangu zamani. Mfungeni, halafu nyumba yake mnipe mimi."

Na mimi nikacheka. Nilicheka nikashika chuma cha kitanda nisianguke, machozi yananitoka, maana anatania, na anayetania yu hai. Sikufikiri kitu kingine. Muuguzi akageuka. Bosi akageuka. Didier hakucheka. Akatafsiri.

Nikaona uso wa bosi unavyobadilika, nami bado nacheka. Sikuweza kuacha.

Jumatatu, 4 Septemba

Nimefukuzwa. Polisi hawakuitwa. Bila shaka hawakuitwa. Polisi wangeuliza habari za upepo.

Nilijaribu kueleza. Bosi kasema mtu mzima hatanii kitandani mwa hospitali. Kanali kasema ameona mengi jeshini, lakini mtu kucheka mbele ya aliyemvunja nyonga, hajaona. Ameona nini huyo? Mablanketi.

Nimechukua brashi zangu. Koti la Masanja lilikuwa msumarini, nikalichukua pia.

Ijumaa, 8 Septemba

Kumbe Masanja hakujua. Dawa zilimlaza siku zile zote. Leo nimemwambia. Kwanza alidhani nami natania. Alipoona sicheki, alijiinua kwa viwiko. Akamwita Didier kwa simu yangu, akamwamrisha arudi kwa bosi aseme ilikuwa utani, kamba haikuachiwa, upepo ndio uliofanya.

Didier kaenda. Sikutegemea, lakini kaenda, tena mara mbili. Bosi kajibu kwamba Masanja anabadilisha maneno kwa kuwa ananiogopa. Nashinda kando ya kitanda chake, nani asingeogopa? Ndivyo alivyosema.

Didier akapita hospitali jioni na soda na mikate. Akanishika bega. "Nilitafsiri maneno yote, ndugu. Hakuna neno nilipunguza." Najua. Hilo ndilo linaloniudhi. Sina hata wa kumtukana vizuri.

Jumamosi, 16 Septemba

Uzinduzi wa ukumbusho. Nilikwenda. Sijui kwa nini. Nimesimama nje ya uzio na wauza karanga. Bendi, bendera, Kanali kifua mbele na medali zake. Kahutubia muda mrefu kuhusu ujasiri na kuhusu wenzetu tusiowasahau. Wakavuta pazia kwenye bamba. Makofi.

Lile dege linapendeza. Nimelitafuta kosa, sikulipata. Nguzo imenyooka, halitikisiki. Propela ilizunguka upepo ulipopita, na watoto wakapiga kelele kana kwamba linaondoka kweli. Kahawia ya bawa la kushoto ni ileile niliyopaka mara ya kwanza. Ile ya pili ilinikinaisha, nikarudia ya kwanza usiku wa kuamkia siku ya kulipakia kwenye lori. Kanali hakutambua. Kaigusa, kafumba macho.

Niliondoka kabla ya wimbo.

Jumapili, 17 Septemba

Hospitali, saa ya kutazama wagonjwa. Jua limeingia hadi kitandani. Wamemkalisha, mguu umening'inizwa. Nilimletea koti lake. Kalipokea kwa mikono miwili.

Chakula kilikuja: wali, maharage, yai la kuchemsha. Nikasubiri aanze, kisha nikanyoosha mkono nikachukua yai, kama kawaida. Nikalishika hewani nimpe nafasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Mwizi, mtumwa, Mzaramo mvivu, lolote.

"Kula tu, Pazi," alisema. "Nisamehe, kaka."

Kumbe jina analijua.

Nikatazama dirishani kidogo. Maegesho, magari, hakuna cha kutazama. Nilimwambia hakuna cha kusamehe, akatikisa kichwa kwa adabu. Adabu! Msukuma huyu! Tukakaa kama wageni wawili kwenye foleni ya benki. Sijawahi kumchukia kama leo.

Nimelirudisha yai kwenye sahani yake. Kesho nitakwenda tena, na nitalichukua tena.