Malkia wa Askadoni na Mwandishi Asiye na Haraka

Alhamisi, alasiri. Mvua imetugomea tena. Tangu asubuhi mawingu yalikaa upande wa Mto Mara yakiitazama Kemambo yetu, halafu yakaondoka bila hata kutuaga. Sasa jua ni kali, na vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, limetua juu ya kila kitu, pamoja na miwani yangu. Miguu imepungua uvimbe kuliko jana. Moyo unapiga kwa utaratibu wake wenyewe, ambao mimi sijafundishwa. Lakini leo nimecheka mpaka mbavu zikauma, na nataka kuandika kabla usingizi haujanichukua.

Kwanza niungame.

Watu wa kanisani wanajua naumwa, na wanajua nimekubali. Wanakuja, wananishika mkono, wanasema, "Mwalimu, una amani." Ni kweli ninayo. Nimefundisha Kiingereza hadi nikastaafu, nimemzika mume wangu kwa heshima, nimewaona wajukuu. Daktari kule Tarime mjini alipokuwa ananieleza habari za moyo kupanuka alizunguka sana, nikamwambia, "Mwanangu, sema tu, maisha yangu yote nimefundisha watu kuandika sentensi fupi." Akasema. Nikamshukuru.

Kuna jambo moja tu linalonifanya nione kufa sasa ni usumbufu.

Nataka kujua nani atarithi kiti cha Askadoni.

Najua namna hii inavyosikika. Mwanamke wa umri wangu, mzee wa kanisa, anakufa huku anafikiria nchi ambayo haipo, yenye majoka yanayopumua barafu na milima inayohama usiku. Lakini nimeishi na hivyo vitabu muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu, na sitadanganya kwenye shajara yangu mwenyewe.

Vilinijia kwa njia ya ajabu. Binamu yangu wa Nyambureti alikuwa anafanya usafi kwenye kambi ya watalii kule mbugani. Wageni wanaoondoka kwa ndege ndogo huambiwa wapunguze mizigo, na kitu cha kwanza mzungu anachoacha ni kitabu kinene. Binamu akawa ananiletea. Kwa hiyo sikuvisoma kwa mpangilio wa mwandishi bali kwa mpangilio wa mizigo ya watalii. Cha tatu kilinifikia kabla ya cha pili. Katika cha tatu nilimzika shujaa mmoja na kumlilia, halafu katika cha pili nikamkuta mzima anakula nyama choma. Nilimwambia Bhoke kuwa amefufuka, na Bhoke akalisimulia jambo hilo sokoni kama muujiza. Ilibidi mwaka mwingine upite ndipo nikatambua kosa langu.

Bhoke ni mke wa nyumba yangu. Kwa wasiotoka huku nieleze: sikujaliwa mtoto, mume wangu akafariki, nami nikatoa ng'ombe nikaoa, kama desturi yetu ya nyumba ntobhu inavyoruhusu. Bhoke akaja, akachagua mwenyewe mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wakawa wa nyumba hii, wenye jina la marehemu mume wangu. Ananiita mama. Watoto wamekua, wametawanyika kwenye shule na kazi. Tumebaki sisi wawili, ulezi wetu, na Askadoni.

Kila alasiri, tukiwa barazani, namsomea. Nasoma Kiingereza kimyakimya, natoa Kiswahili kwa sauti, na panapokuwa na matusi natumia Kikurya, maana kinayabeba vizuri zaidi. Tangu watu waanze kumiminika kwa ajili ya dhahabu, hii wanayoiita rashi, shamba la mahindi la jirani limekuwa maduara, mashimo ya wachimbaji yaliyofunikwa maturubai, na chumba changu cha nyuma nimempangisha mchimbaji kutoka upande wa Shinyanga, anaitwa Masanja. Anashuka shimoni usiku, mchana anaamka anakuja kusikiliza. Karasha likinguruma sana tunasubiri linyamaze, kama watu wanaosubiri treni ipite.

Sasa, malalamiko yangu. Mwandishi huyu ana kipaji, simnyimi. Lakini anaua watu wema kama kuku wa Krismasi. Ataeleza kitambaa cha pazia kwa kurasa nne wakati jeshi liko mlangoni. Kuna mjakazi aliyetumwa kisimani katika kitabu cha nne, hajarudi hadi leo. Na katika kitabu cha saba, wakati watu wenye akili wanaanza kukusanya vyombo, yeye ameleta ukoo mpya kabisa wenye ndugu kumi na wawili, wote wana majina yanayoanza na herufi moja.

Kubwa kuliko yote ni hili: vita vyote, vitabu vyote vinane, vimetokana na Malkia Merewina kufiwa na mume kabla hajapata mtoto. Shemeji zake wanagombania kiti. Miji imeungua. Maelfu wamekufa. Mimi tangu kitabu cha pili namwambia, oa, mama, tafuta binti wa watu, toa ng'ombe, yaishe. Hasikii. Hana hata mtu mmoja wa Tarime wa kumshauri.

Kitabu cha nane kilimwacha amesimama kwenye lango la mlima, ufunguo mkononi. Mwandishi akaahidi kwamba cha tisa ndicho cha mwisho. Wakati huo kitinda mimba wa Bhoke alikuwa ananyonya. Sasa yuko sekondari.

Hapo ndipo dhambi yangu ilipoanza. Mchungaji akiuliza kama kuna maombi maalumu, mimi husimama na kusema, "Naomba tumkumbuke mgonjwa mmoja aliye mbali, Mungu ampe nguvu amalize kazi yake." Kanisa zima limemwombea huyo mgonjwa kwa miaka. Wamemwombea kwa machozi. Ni yeye. Ni mwandishi. Sijui hata kama aliwahi kupata mafua.

Leo mchana Chacha, mtoto wa kaka yangu anayeishi upande wa Kenya, alivuka mpaka wa Sirari akaja na mfuko.

"Shangazi, shikamoo. Hii kitabu nimeitafuta Nairobi mpaka viatu zikaisha."

"Marahaba. Lete kabla sijafa."

"Sasa shangazi, usianze hizo."

Cha tisa. Kizito kama tofali. Nilifanya jambo nililowakataza wanafunzi wangu wote: nilifungua mwisho. Masanja akavuta kigoda. Bhoke, aliyekuwa anapepeta ulezi, akasimamisha ungo.

Katika ukurasa wa mwisho Malkia Merewina amelifungua lango. Ndani kuna ngazi. Ameweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

Basi.

Chini yake mwandishi anatushukuru kwa uvumilivu wetu. Anasema hadithi imekua kuliko alivyotarajia, hivyo ameigawa, na sehemu iliyobaki itatoka itakapokuwa tayari. Nilirudia maneno hayo ya mwisho kwa sauti, polepole, kama ninavyosoma dawa.

Masanja ndiye aliyeanza. "Bibi Mwalimu, huyo namfahamu. Huyo ni mwenye duara. Wetu naye kila siku anasema, mwamba wa dhahabu upo hapo chini vijana, bado kidogo. Tumechimba mpaka tunasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakiongea."

Chacha alicheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa napiga hesabu isiyohitaji karatasi: mwendo wa mwandishi upande mmoja, maneno ya daktari upande mwingine.

Sitafika.

Nadhani uso wangu ulisema kitu, maana Bhoke aliweka ungo chini, akaja akapiga magoti mbele yangu, akanong'ona, "Mama, ni yule mgonjwa wako wa mbali? Chacha ameleta habari? Amefariki?"

"Hajafariki," nikasema. "Ni mzima kabisa. Hiyo ndiyo shida."

Ikabidi nimweleze yote. Bhoke alinisikiliza bila kupepesa. Yeye ni kiongozi wa akina mama wa maombi. Kwa ajili ya mgonjwa huyo amekuwa akifunga Jumatano zote za Kwaresima, mwaka baada ya mwaka, akienda shambani na tumbo tupu.

"Mama," akasema mwishowe, "nimelala njaa kwa ajili ya mzungu anayeandika majoka?"

"Ndiyo."

"Na mama mchungaji naye?"

"Naye."

Alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, akacheka mpaka akaketi sakafuni. Sisi wengine tukamfuata, na Chacha akalazimika kunishika mgongo nisiishiwe pumzi. Bhoke alipoweza kusema alisema, "Angalau maombi yamejibiwa. Si umesema ni mzima?"

Nimesamehewa, basi. Nilikuwa naogopa kufa na jambo hilo.

Tulipotulia nikawaambia ukweli mwingine: kwamba mwisho sitausoma, na kwamba wao pia hawatausikia, maana hapa barazani nikiondoka mimi hakuna wa kuendelea kuwasomea. Masanja akaangalia miguu yake. Bhoke hakuangalia chini.

"Basi umalize wewe," akasema.

Nilikataa. Miaka yote hii nimetafsiri bila kuongeza neno. Hata sehemu zile za mapazia nilizisoma zote. Kitabu cha mtu ni cha mtu. Ningekuwa namwibia.

"Mama, watoto wangu wanaitwa kwa jina la mzee nisiyewahi kumwona," Bhoke akasema. "Alikufa nyumba yake haijafika mwisho, mimi nikaja nikaiendeleza. Kuna siku umesikia mtu akisema nimemwibia?"

Masanja alitoa macho. "Ngoja kwanza. Dada Bhoke, kumbe wewe si mke wa marehemu mtoto wa Mwalimu?"

"Msukuma, umekaa hapa msimu mzima. Ulimwona huyo marehemu mtoto wapi, hata picha?"

"Nilijua mnaogopa kumtaja."

"Alinioa huyu hapa. Ng'ombe wake walipita kwenye barabara hii hii, na baba yangu akamrudishia mmoja kwa kuwa alikuwa na jicho bovu."

"Hakuwa na jicho bovu," nikasema. Tumebishana juu ya huyo ng'ombe tangu siku ile, na tutabishana hadi mwisho.

Masanja alifikiri kidogo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeona jiwe linang'aa, "Sasa huyo Malkia anasubiri nini?"

Nikafunga kitabu cha tisa. Nikaomba maji. Nikaanza.

Nilisema kwamba juu ya ngazi Merewina hakukuta silaha wala joka. Alikuta madirisha, na kupitia madirisha hayo akaiona nchi yake yote, na ng'ombe wake waliobaki. Akashuka. Akawatuma wazee watatu wenye midomo mizuri kwa mfua chuma mmoja wa bondeni aliyekuwa na binti.

Bhoke akaingilia. Alisema binti asiwe mpole. Nyumba yenye maadui haihitaji mke mpole. Nikambadilisha, nikampa binti ulimi. Chacha akataka awe anajua kupanda farasi, nikampa farasi. Masanja akataka kuwe na dhahabu kidogo. Nikamwambia kila mtu huku ameshachoka na dhahabu, aendelee kusikiliza.

Wazee walifika kwa mfua chuma. Wakapewa viti. Nikaeleza viti vile. Wakaletewa pombe ya ulezi, maana niliamua Askadoni wana ulezi, na nikaeleza namna povu lilivyokuwa, na kibuyu kilichokuwa na ufa, na mama wa binti aliyekuwa anasikiliza nyuma ya ukuta akijifanya anafagia. Jua lilisogea. Mfua chuma alikuwa bado hajafungua mdomo.

"Mwalimu," Masanja akasema, "mimi saa yangu ya kushuka imekaribia. Waseme basi."

"Bado kidogo," nikamjibu.

Nilisikia nilichosema.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Nimemlalamikia mwandishi huyu miaka mingi kwa jambo ambalo nimelifanya mara ya kwanza tu nilipokabidhiwa kiti chake. Si uvivu. Wale watu walikuwa wamekaa vizuri, pombe ilikuwa nzuri, na ilimradi mfua chuma hajajibu, hakuna aliyetakiwa kuondoka.

Kifua kilibana nikashindwa kuendelea. Bhoke akanilaza, akanitoa viatu. Alikuwa anatabasamu bado. Aliniambia nisihangaike, nimalize kwa mwendo wangu, na nikiishiwa pumzi katikati atapokea yeye, kwa kuwa anajua walipofikia. Ila akanionya: kwake mfua chuma ataomba ng'ombe wengi zaidi, na atawakagua macho mmoja mmoja.

Nikamwambia hiyo ni haki yake.

Sasa amerudi kwenye ulezi wake na Chacha ameondoka kuwahi gari la Sirari. Kesho, Mungu akinipa alasiri nyingine, mfua chuma atakubali, na binti ataanza safari ya kwenda kwa Malkia. Ni njia ndefu. Nafikiria nisimpe farasi tena. Nimwache aende kwa miguu, na kila mji atakaopita, wamkaribishe chakula.