Mama Mkwe Juu ya Sanduku la Mayai

Wewe, uko wapi? Nimejificha chooni nacheka peke yangu.

Unalijua lile sanduku la mume wangu la kutotolesha vifaranga, lenye balbu ndani? Alilifunika shuka. Mama yake kaingia, kalikalia.

Eti kiti kina joto, kiuno kimeacha kuuma. Kumwomba anyanyuke, akawaka: "Kwa mwanangu hata kukaa nanyimwa?"

Kukaa nanyimwa, anasema, na mayai yapo chini yake.

Halafu akaanza wimbo wake. "Na wajukuu nitawaona lini? Si nawauliza nyinyi?"

Chini yake: piyo, piyo.

Mama akatega sikio. Piyo, piyo, piyo.

Mume wangu akakohoa. "Mama, naona umewaangua mwenyewe."

Sasa mume wangu anambembeleza anyanyuke, hataki. Anasema yaliyobaki yatapoa.