Duara la Mkaa Mlangoni

Kwako mdogo wangu, kitindamimba wa mama,

Salamu zangu zipokee ukiwa umekaa, maana nalijua goti lako. Kama bado linauma ni kwa sababu umekataa kulikanda maji ya moto nilivyokuagiza, na kama limepona ni kwa sababu umenisikia, kwa hiyo vyovyote iwavyo sina kosa. Wanao hawajambo? Yule mkubwa ameacha kuvaa suruali inayoning'inia nusu makalio? Mimi mzima, na meno yaliyobaki yananitosha. Barua hii naiandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Mjukuu wangu wa kike alitaka aniandikie nikamkatalia, kwa kuwa yeye akiandika anayapunguza maneno yangu makali, na safari hii sitaki yapunguzwe.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kama ni kweli mke wa marehemu mwanangu anafunga mizigo arudi kwa mjomba wake pamoja na wajukuu zangu. Pili, kwa nini kila ukitaka kuja kulala kwangu nakwambia nina wageni, na ni wageni gani hao wasioondoka. Nitajibu yote, ila naanzia mbali, na wewe usiruke mistari kama kawaida yako.

Ni kweli, alitaka kuondoka. Alisema kifua cha yule mdogo wa kiume kinabana kila mvua ikinyesha, na kwamba mvua kubwa zikianza hazitawakuta hapa. Alisema kwa sauti ya chini akikunja nguo, bila kunitazama. Nikamwambia kikohozi cha mtoto kinatokana na kuchezea maji. Akaendelea kukunja, na kukunja kwake kunachosha kuliko kelele za mtu mwingine. Nikamwambia basi aende, sijafunga mlango. Kisha nikaingia chooni nikakaa humo mpaka machozi yalipoisha, na hilo usimwambie mtu.

Siku zile zile ndipo ulipoingia huu mradi wa mtaa. Tuliitwa shuleni, tukakalishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamekaribia kidevu. Akasimama binti wa mradi, ana viatu vyeupe hata vinaudhi, akaeleza kwamba wenye mtaa tuteue wakaguzi wetu wenyewe. Wakaguzi wataingia kila nyumba watazame mambo matatu: panapopikwa, panapolaliwa na paa. Nyumba iliyo taabani inachorwa duara la chaki mlangoni. Yenye duara, majirani wanakuja kuitengeneza pamoja na fundi, kwa vifaa vya mradi, na mwanamke wa nyumba hiyo anapewa zamu katika nyumba ya kufulia, kufua mashuka ya hospitali, kazi ya kila wiki isiyo ya kubahatisha. Akaendelea na taratibu nyingine, lakini mimi nilishaacha kusikiliza. Mbele yangu alikaa muuza makaa wa mtaani kwetu, na shingo yake ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Nilikuwa najiuliza maji yamemkosea nini mwanamke yule.

Mara nasikia natajwa. Na anayenitaja ndiye huyohuyo muuza makaa. Akasema bibi wa nyumba ya pazia la bluu awe mkaguzi, kwa kuwa nyumba yake inang'aa na macho yake hayafichwi kitu. Mke wa mwanangu akawa wa kwanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Mkaguzi wa pili akateuliwa kinyozi. Nami nikainua kidevu, mdogo wangu, nikaona mtaa hatimaye umepata akili.

Sasa sikiliza niliyoyaona, na kama unakula, weka kando. Nyumba ya muuza makaa tuliingia mimi, kinyozi na yule binti. Kuku alikuwa amelala juu ya gunia la unga. Mavi yake yamekauka kwenye kifuniko cha sufuria, na kifuniko kiko juu ya sufuria, na ndani ya sufuria kuna chakula. Moshi umetanda mpaka mtoto wake mchanga macho yamekuwa kama nyanya. Godoro la watoto limelowa mkojo mara nyingi hata limekuwa rangi ya chai, na mwenyewe akatufunulia upande wa chini, kama mtu anayeonyesha gauni jipya, eti tuone linavyooza vizuri. Kinyozi alikuwa amejipaka marashi, yakapigana na ule mkojo yakashindwa. Mimi nilitoka nje nikatema mate. Niliporudi nikamwambia mbele ya wote kwamba hata panya mwenye kujiheshimu angeihama nyumba ile. Akacheka. Akasema panya wapo, bibi, wamejificha tu kwa kukuogopa.

Yule binti akaninong'oneza kwamba hatukuja kuhukumu, tumekuja kuona. Nikamwambia mimi nikiona nimeshahukumu, Mungu ndivyo alivyoniumba. Lakini nikuambie kilichonikera kuliko mavi ya kuku. Ni kule kutoficha. Mtu mzima anaingiza wageni chumbani, anawaonyesha aibu yake bila hata kuitupia shuka. Nililichora duara lake kwa nguvu mpaka chaki ikavunjika.

Tukaenda hivyo nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ina uvundo wake. Nilisema kila nilichoona. Watu wakaanza kunikwepa njiani, nami nikaona hiyo ndiyo heshima ya kazi.

Baada ya muda nikapita kwa muuza makaa nikijua nitakuta vilevile. Nikakuta jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi nje, majirani wamemjengea. Kuku amehamishiwa kwenye banda. Mtoto macho meupe. Mwenyewe ametoka zamu yake ya kufulia, akanipa mkono, na mkono unanukia sabuni. Akaniambia sasa anajua wiki ijayo watoto watakula nini, jambo ambalo hakuwahi kulijua tangu aolewe. Nikazungusha macho jikoni kutafuta la kusema, nikalikosa, na siku ile nilishinda nimenuna.

Siku ya mwisho ya ukaguzi nikawa nafunga kilemba nipeleke chaki kwa binti wa mradi. Kumbe wao ndio wanakuja. Wamesimama mlangoni kwangu, binti, kinyozi na muuza makaa. Binti akasema kwa adabu kwamba imefika zamu yangu, maana utaratibu ni kwamba nyumba ya mkaguzi inakaguliwa mwisho, na anayeikagua ni mmoja wa wale aliowakagua. Nikasema sijawahi kusikia upuuzi huo. Kinyozi akaniambia ulielezwa siku ile ya kwanza, bibi, ila ulikuwa unatazama shingo za watu.

Nikawakaribisha sebuleni, ningefanyaje. Wakaona pazia la bluu, kabati la vikombe, vitambaa nilivyofuma mwenyewe, sakafu unayoweza kuilamba. Muuza makaa alikuwa amevua ndala zake nje. Hakutazama kikombe hata kimoja. Akaenda moja kwa moja kwenye pazia la ndani. Nikamwambia huko kuna mgonjwa amelala. Sauti ya mke wa mwanangu ikatoka nyuma ya pazia ikasema hakuna mgonjwa, mama, waache wapite.

Hapa soma polepole, mdogo wangu, kwa sababu sitaandika mara mbili. Chumba changu cha nyuma hakina paa la kusema ni paa. Mabati yameoza mpaka unahesabu mawingu. Ukutani umeota ukungu mweusi wenye manyoya, unanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Wajukuu zangu wanalala chini ya meza, na juu ya meza nimetandaza nailoni ili maji yateremkie pembeni. Jikoni kulikuwa na sufuria kubwa inatokota. Muuza makaa akaifunua. Maji. Pembeni yake kikaango chenye nusu kitunguu. Kila jioni nakaanga kitunguu karibu na dirisha ili mtaa unuse mchuzi kwangu. Mchuzi wenyewe haupo. Tunakila kitunguu kile na chochote tulichopata, na siku nyingine kinaliwa peke yake. Vile vikombe vya kabatini havijawahi kunywewa tangu mwanangu azikwe, kwa kuwa hakuna cha kutia.

Ndivyo ninavyoishi. Barua zangu zote zilizokuambia vingine, zichome.

Nikamngoja muuza makaa anilipize. Nilikuwa tayari, hata nilijua atakavyoanza. Akafunika sufuria taratibu kama anayefunika mtoto. Akasema kitunguu hiki, bibi, tumekinusa siku zote, tukawa tunajiuliza nyama yake inaingilia mlango gani. Kinyozi akakohoa kuficha kicheko. Basi. Wakati wa kutoka akachora duara langu, akalichora dogo, chini, karibu na bawaba, pahali ambapo mpita njia hawezi kuliona. Mwenye kuku anayenyea kifuniko ananisitiri mimi. Bora angenitukana.

Walipopinda kona nikachukua kitambaa kibichi nikaifuta ile chaki.

Mke wa mwanangu aliniona. Akarudi chumba cha nyuma, nikasikia kamba inavutwa, anafunga furushi. Yule mdogo akakohoa chini ya meza, kikohozi kile cha msumeno kwenye mti mbichi. Dada yake akanijia akaniuliza kama wakishakwenda kwa mjomba wataruhusiwa kuja kunisalimia. Aliuliza kwa adabu kabisa, amekunja mikono, kama mtoto anayeongea na mwenye nyumba.

Nikageuka nikaitazama sebule yangu. Paa lake zima, sakafu kavu, ina nafasi ya magodoro mawili. Sikuwahi kuwaruhusu walale pale, maana mtu angechungulia asubuhi akaona matandiko. Godoro la muuza makaa lilinuka mkojo, lakini wanawe walikuwa wanalala juu yake. Wangu wanalala chini ya meza wakati vikombe vinalala pakavu. Nimeona uchafu mwingi katika ukaguzi ule, mdogo wangu, lakini hakuna ulionitia kinyaa kama huo wa kwangu ulionukia sabuni.

Chaki nilikuwa nayo mfukoni, ya mradi, sikuigusa. Nilichukua kipande cha mkaa jikoni, nikatoka mchana kweupe, nikachora duara katikati ya mlango, kubwa kama sinia, limepinda upande mmoja. Muuza mboga akasimamisha toroli lake kutazama. Nikamuuliza hajawahi kuona mlango. Kisha nikarudi ndani, nikamnyang'anya mke wa mwanangu lile furushi, nikalifungua katikati ya sebule, nikamwambia watoto watalala hapa kuanzia leo, na mwenye kuchungulia achungulie.

Wakaja siku ya kazi, mtaa mzima, hata wale niliowasema. Binti wa mradi akakanyaga tope viatu vyeupe vikaharibika, nikafurahi kidogo. Muuza makaa alikuwa juu anampa fundi misumari, na kinywa chake hakitulii, ndipo akaropoka. Kumbe mke wa mwanangu alimwendea analia kabla ya ule mkutano. Wakashauriana wawili hao kwamba mimi mlango sitamfungulia mkaguzi yeyote, dawa ni nifanywe mkaguzi, na ujinga wangu wa kupenda sifa utafanya yaliyobaki. Kinyozi alijua. Wapiga makofi walijua. Mimi peke yangu ndiye niliyedhani ni heshima. Nikawaita mashetani wote, wakakubali, wakaniomba maji ya kunywa. Nikayatoa kwenye vikombe vya kabatini. Muuza makaa alikirudisha cha kwake kina alama ya vidole vyeusi, na sikuyameza maneno, nilimwambia.

Sasa majibu yako. La kwanza, haondoki. Ana zamu kwenye nyumba ya kufulia, na mjomba ametumiwa salamu. Mvua zimeanza, mtoto anakohoa, ila si kile cha msumeno. Nami wamenipa kazi ya kukagua mashuka kabla hayajarudishwa hospitali. Usiniulize mwili wa binadamu unatoa vitu gani. Narudisha nusu yake yafuliwe tena, na wanawake wananiita Bibi Doa, ingawa mbele yangu hawathubutu.

La pili, wageni hawajawahi kuwepo. Mgeni niliyekuwa namkimbia ni wewe. Kuomba radhi kwa maandishi siwezi, mkono wangu haukufundishwa maneno hayo. Njoo ulale. Njoo kabla mvua hazijakatika, uone kwamba hapavuji.

Wasalimie wanao wote, na huyo wa suruali mwambie namfikiria. Mke wa mwanangu anakusalimu, na wajukuu wanauliza bibi huyu wa barua ni mtu wa kweli au nilimtunga. Ukifika mtaani usiulize nyumba ya pazia la bluu, hutaelekezwa. Lile pazia nimelikata nikawashonea watoto mashuka. Uliza nyumba ya duara jeusi. Nimelisugua kwa sabuni na mchanga, limeingia kwenye mbao, halitoki, nami nimeliacha.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
ninayekungoja na godoro kavu.