Tunahifadhi Unga, Si Umeme

Koboko,
14 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Muzamili,

Assalaam alaikum. Hujambo huko Nairobi? Shemeji yangu hajambo? Na lile jino lililokunyima usingizi mwezi wa Ramadhani, umeling'oa au bado unamkimbia daktari? Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Nimeshika kalamu kwa sababu kila nikitaja mashine ya kusaga unakata simu. Barua hii nimempa Shafiki, dereva wa lori, nikamwambia asiondoke hapo mpaka uimalize.

Uliniagiza mashine yako iuzwe baada ya Idd. Nilikubali, maana bei ya dizeli ilikuwa imetushinda, na dada yetu Madinah alikuwa akishinda mlangoni anafukuza nzi badala ya kusaga. Emile, yule mfanyabiashara wa Aru, upande wa Kongo, alikuwa tayari kuipitisha mpakani Vurra kwa lori lake. Lakini mpaka leo mashine ipo bandani. Tafadhali usirushe karatasi, soma kwanza.

Najua ulimtafutia binti yako Jalia kazi ya ofisi Arua Hill akakataa, na najua hamjasemezana tangu hapo. Sasa huo uhandisi uliomsomesha mimi nimeuona kwa macho. Alizunguka Arua akikusanya paneli za jua zilizotumika, akang'oa injini ya dizeli, akafunga mota. Wingu likipita, kuna kijimlango alichokitengeneza kinachopunguza muhogo unaoingia, mashine isage polepole badala ya kukabwa. Nikamuuliza betri ziko wapi. Akasema hanunui. Betri za kusagia jioni bei yake ingezidi mashine yenyewe, na zikifa tungezitupa wapi, mtoni?

"Baba mkubwa, tutahifadhi unga, si umeme," akaniambia. Nilicheka hadi nikakohoa.

Nilikuwa na sababu ya kucheka. Unawajua wanawake wetu. Jua likiwaka wako mwambani wanageuza muhogo ukauke, na jioni ndipo huja kusaga. Jua la kukaushia ndilo hilo hilo la kusagia, kwa hiyo wakifika mashine imelala! Jalia hakubishana nami. Alikwenda kukaa nao mwambani siku baada ya siku, akageuza muhogo pamoja nao na kuwauliza maswali mpaka uso ukababuka. Akarudi na mpango: muhogo uletwe jioni, ulale bandani, usagwe kesho yake jua likiwa kali, na mtu afuate unga wake anapopata nafasi.

Wakamkatalia katakata. Mwanamke wa Koboko aache muhogo wake ulale kwa watu, uje uchanganywe na wa jirani uliooza? Hapo Madinah akapata la kusema. Kila mmoja afunike kapu lake kwa tabaga aliyoisuka mwenyewe, ile kawa ya rangi tunayofunikia chakula. Nani Koboko hii hajui tabaga yake? Jirani yetu Driciru, Mlugbara asiyejua kusuka, alifunika lake kwa kitenge alichoolewa nacho, akatuonya kwamba anakijua kila uzi. Siku hizi jioni banda limejaa rangi utadhani tunaoza binti.

Wiki iliyopita mvua ilianza alfajiri ikakataa kukoma. Mashine kimya. Na Emile naye siku aliyoichagua kuja na lori ndiyo hiyo. Nikajua mambo yamekwisha, na moyo uliniuma kuliko nilivyotegemea. Lakini wanawake walikuwa wakija mmoja mmoja na miavuli, wanaingia, wanatoka na unga. Emile akashangaa, mashine imezima na watu wanafuata nini?

Madinah hata kichwa hakuinua. "Unga ya jana iko. Leo watu itakula hii, kesho jua itarudi."

Emile akanitazama. "Mzee, mashine yenye iko na watu hivi, mutu hawezi kuuza. Mimi sitaibeba mpaka mwenyewe aseme." Akageuza lori tupu akaenda zake. Muungwana yule, japo bei zake ni za kinyang'anyi.

Kwa hiyo neno limebaki kwako. Muzamili, namwonea fahari mtoto huyu kana kwamba nimemzaa mimi. Wengi wanajua kujenga vikubwa. Yeye alitazama tulicho nacho, akakifanya kitutoshe.

Wasalimie shemeji na watoto, Nabila na Abdunoor, ambaye namkumbusha kwamba bibi yake bado yu hai na anapenda kutembelewa. Madinah anawasalimu nyote.

Jambo la mwisho, na hili Jalia hakunituma. Jana niligundua kwamba paneli zile za juu ya paa la banda hazijafungwa kwa skrubu. Amezifunga kwa kamba, na upepo ukivuma anapanda juu kuzikaza. Nikamtania, mhandisi gani anayefunga mitambo kama mbuzi? Akainamisha kichwa.

"Mabati iko ya baba. Siwezi kutoboa mpaka yeye aseme."

Pepo za masika zimeshaanza, ndugu yangu. Mpigie mwanao, umwambie atoboe.

Mungu akujaalie afya na moyo mpana.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kwa dhati,
Sulaiti