Kadi za Nehemia Zilizovikwa Plastiki

Kaka yangu Nehemia,

Nakuandikia kwa sababu mbili, na ni haki yako kuzijua kabla ya jambo lingine lolote. Ya kwanza ni kukuomba msamaha kwa neno nililokutamkia siku ya mahafali yangu. Ya pili ni kukuarifu kwamba Jumamosi hii inayokuja tunamaliza msiba wako. Kwa desturi yetu, mzee wa kanisa atasimama kando ya kaburi na kuuliza mara tatu kama yupo mwenye neno lolote kati yake na marehemu. Akiuliza mara ya tatu na watu wakanyamaza, mlango hufungwa, na kilichobaki moyoni hakitamkwi tena mbele ya watu. Mimi ninalo neno. Nimelibeba miezi sita tangu ulipoondoka, na nilipofika hapa juzi nilikuwa nimekwisha kuamua kunyamaza.

Nimeketi mezani kwako, Buffalo, Jumapili alasiri. Wifi Devota ameingia zamu ya mchana kiwandani. Binti yako Neema yuko sebuleni na albamu zako za kadi za besiboli. Nje theluji ya Machi inaanguka juu ya theluji ya Februari, nawe hupo kuilaani kwa Kirundi huku ukitafuta koleo.

Niruhusu kwanza nikupe habari, kwa kuwa hukupenda mtu akimbilie kwenye shida kabla ya salamu. Mama bado yuko Beechmont, hapo Louisville tulikokuzika, katika nyumba ile ile tuliyofikia tulipotoka kambi ya wakimbizi. Nimemsihi ahamie kwangu Columbus, akanijibu kwamba hawezi kukuacha peke yako Louisville. Nami nimepata kazi. Nachambua takwimu katika ofisi ya mipango ya afya, nina meza yangu, na kwenye ukuta wa meza hiyo kuna kibao chenye jina letu la ukoo. Nilipokiona siku ya kwanza nilichukua simu nikuarifu. Nilikuwa nimeshafika kwenye jina lako ndipo nikakumbuka. Nilikaa chooni kwa muda mrefu, Kaka, mpaka mwenzangu mmoja akaja kuuliza kama ninaumwa.

Nakumbuka jinsi ulivyoanza. Ulikuwa mwaka wako wa pili katika ghala lile la Okolona, Louisville, na mzee mmoja uliyekuwa ukipanga naye maboksi alikupa pakiti moja ya kadi za picha za wachezaji akisema kila mwanamume wa nchi hii lazima aifungue walau mara moja. Hukujua mchezo wenyewe. Mpaka mwisho sidhani kama uliwahi kuelewa kwa nini mtu hupiga mpira kisha akakimbia mduara na kurudi pale pale alipoanzia. Ila ulipenda kufungua. Kila mwishoni mwa majira ya baridi, seti mpya ya mwaka ilipoingia madukani, ulinunua kasha zima, na Jumapili baada ya ibada ukatuketisha mezani. Ulitunawisha mikono kwa jagi na beseni, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaosubiri ugali. Mama alilalamika: "Sasa tunanawa ili tule karatasi?" Wewe ukamjibu, "Mama, mkono wenye mafuta haugusi kadi ya mtu."

Hukutazama picha. Uligeuza kadi upande wa nyuma, ukatusomea mchezaji alikozaliwa na timu zote alizopitia mwaka baada ya mwaka, kama faili la mkimbizi anayengoja kuhamishiwa Marekani. "Huyu kazaliwa Venezuela. Tazama, kahamishwa kambi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mpaka leo hajapelekwa nchi ya tatu." Tulicheka hadi Mama akasahau kwamba alikuwa amekasirika. Kadi mbili zinazofanana uliziita mapacha. Nilipokwenda kusoma Columbus, na wewe ulipohamia Buffalo kwa Wifi, ulianza kuwatenganisha mapacha hao: mmoja ukabaki naye, mwingine ukanitumia kwa posta ndani ya bahasha iliyoandikwa kwa herufi kubwa, KWA MSOMI WETU. Nitakiri hapa jambo ambalo hukulijua. Bahasha za miaka miwili ya mwisho sikuzifungua. Nilikuwa na mitihani, kisha usaili, kisha nilikuwa na aibu ya kuchelewa.

Na kadi zile ulizozipenda kupita nyingine ulizipeleka kwenye duka la kutoa nakala ukazipiga lamineti. Ulizivika plastiki pande zote mbili, ikapitishwa kwenye mashine ya moto, ikashikana na karatasi isiweze kubanduka. Ndivyo ulivyofanya na vyeti vyetu vya ubatizo. Ndivyo ulivyofanya na kadi za chanjo, na matokeo yangu ya darasa la saba. Watu wa nchi hii walikuwa wakikutazama na hawakujua sababu. Mimi niliijua.

Nilikuwa mdogo, lakini ile mvua ya kambini naikumbuka. Turubai la hema letu lilipasuka alfajiri, maji yakaingia kwenye mfuko ambamo Mama aliweka kadi ya posho ya chakula, na kulipokucha herufi zote zilikuwa zimekimbia, imebaki karatasi laini kama uji. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulisimama na Mama kwenye dirisha la ofisi siku tisa mkieleza kwamba sisi ni watu watatu na kwamba tupo kweli. Siku tisa tulikula kwa majirani. Tangu hapo hukuiamini karatasi yoyote isiyovikwa.

Nilijua haya yote, Kaka. Ndiyo maana kosa langu halina kisingizio.

Siku ya mahafali, mwezi Mei, ulikuja Columbus na suti yako ya kahawia, Neema umemshika mkono. Nilikuwa nimesimama kwenye nyasi na wanafunzi wenzangu na mwalimu mmoja ambaye nilitamani sana aniandikie barua ya kunipendekeza kazini. Ulitoa kadi kwenye mfuko wa ndani wa koti. Ilikuwa ya mchezaji wa mwaka wake wa kwanza, iliyotiwa saini kwa mkono wake mwenyewe, bora kuliko zote ulizowahi kukuta kwenye pakiti. Ulisema, "Mdogo wangu, hii ni yako. Nimeivika ili isife." Mwenzangu mmoja, aliyekusanya kadi tangu utotoni, aliipokea, akaigeuza, akacheka bila ubaya, akaeleza kwamba kwa wakusanyaji kadi iliyopigwa lamineti imekwisha kufa. Wote wakanitazama mimi. Nikacheka pamoja nao, halafu nikakugeukia na kukuambia kwa Kiswahili, kwa sauti, "Kaka, huu ni ushamba wa kambini."

Ulitabasamu. Ulisema, "Msomi ameshasema," ukairudisha kadi mfukoni. Tulipokuwa tunaelekea kwenye gari uliniuliza kama nimekula.

Nilijifariji kwamba neno lile limepita. Wenzangu hawakuelewa Kiswahili, wewe hukulalamika, na Neema, nilidhani, hasikii lugha yetu, kwa kuwa tangu aanze shule kila tunachomwambia hutujibu kwa Kiingereza. Septemba moyo wako ukasimama ukiwa kazini. Nilifika Buffalo ukiwa umekwisha kufunikwa shuka.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike leo.

Jana asubuhi nilimkuta Neema amekaa kwenye zulia la chumba chake na mkasi. Mbele yake kulikuwa na kadi zako, zile za plastiki. Alikuwa anakata kingo, anaingiza kucha, anavuta. Plastiki ilikuwa inatoka na nyuso za watu. Kwenye zulia kulikuwa na karatasi nyeupe zisizo na mtu, na vipande vya plastiki vyenye nusu ya tabasamu, mkono ulioshika gongo, kofia. Nilimuuliza anafanya nini. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba anazitengeneza. Nikamuuliza zina kasoro gani. Aliinua macho, Kaka, yale macho yako, akanijibu kwa Kiswahili safi, neno kwa neno, kwa sauti yangu mwenyewe:

"Nazitoa ushamba wa kambini."

Nina shahada, nimeandika tasnifu ya kurasa themanini, na aliyenisomea kosa langu ni mtoto wa miaka tisa.

Nilikaa chini. Nilimwomba mkasi, akanipa. Kisha nikamsimulia turubai lililopasuka, mfuko wa Mama, dirisha la ofisi, siku tisa. Hakuna aliyewahi kumweleza. Tumekuwa tukiwaficha watoto hawa kambi kana kwamba ni ugonjwa, halafu tunashangaa wakiionea aibu. Alisikiliza bila kunikatiza, huku akijaribu kuulinganisha uso mmoja na karatasi yake. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo Baba hakukosea?"

Nikamwambia, "Kwa wanaouza na kununua kadi, alikosea. Kwetu sisi hakukosea. Aliyekosea ni mimi."

"Umeshamwambia?"

"Bado."

Akauweka chini ule uso. "Shangazi, kwani unasubiri nini?"

Nilimletea bahasha nilizokuwa nimebeba kutoka Columbus, zile ambazo sikuwa nimezifungua, nikidhani mapacha wataziba pengo. Alizitazama kwa adabu, akasema si za Baba, ni za Shangazi. Ana haki. Kadi kumi na saba zimeharibika, na hizo hazina fidia. Nimezihifadhi ndani ya bahasha moja jinsi zilivyo, na hata Wifi amekubali zisitupwe.

Ile yenye saini haikuwamo. Niliitafuta kwenye albamu zote, nikaogopa kuuliza. Jioni, tukiwa jikoni, Wifi aliniambia bila kuacha kukata vitunguu: "Ile anayo mwenyewe. Ilikuwa kwenye koti la kahawia. Nilipomvalisha kwa mazishi niliigusa, nikaiacha." Kwa hiyo uliibeba miezi minne ile yote, kifuani, na hukuitoa. Mvua za Louisville ni nyingi mwaka huu. Nimekuwa nikiwaza jinsi maji yanavyoshuka mpaka hapo ulipo, na kwamba kitu kimoja hapo hakitalowa. Nililia, Kaka. Wifi akasema ni vitunguu, na mimi nikakubali kwamba ni vitunguu.

Leo baada ya ibada tumefungua seti mpya. Kasha lilikuwa limekaa juu ya kabati tangu Februari. Wifi alilinunua kwa mazoea, kisha akashindwa kuligusa. Neema alitunawisha. Alimwaga maji mengi mno, sakafu ikalowa, hakuna aliyemkemea. Alisoma upande wa nyuma wa kila kadi polepole, majina ya nchi akiyatamka kwa Kiswahili kadiri alivyoweza, na alipokwama mama yake alimsaidia. Hakukuwa na kicheko kama kile chako. Mahali pako mezani palibaki wazi, na kila mtu alijitahidi kutopaangalia. Lakini tumezifungua zote, na hakuna aliyeondoka kabla ya pakiti ya mwisho.

Kuhusu Jumamosi. Mchungaji amenipa heshima ya kutoa neno la shukrani kwa niaba ya familia. Nimeandaa kurasa tatu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na sitakuficha, ni kurasa nzuri. Watu watatoka Columbus na Buffalo. Mama ameshawaambia wote kwamba binti yake atazungumza, na wazazi watakuja na watoto wao waone mfano. Swali la mzee linatangulia hotuba. Nikisimama kujibu, nitakuwa nimewaambia watu waliolala kwenye turubai pamoja nasi kwamba niliitaja kambi kama tusi, mbele ya wageni, kwa mtu aliyepanga maboksi usiku na mchana ili mimi nisome. Baada ya hapo sijui kama zile kurasa tatu zitakuwa na wa kuzisikiliza. Nilimweleza Neema kwamba huenda nikakuandikia tu barua, kisha nikaisoma kaburini peke yangu, watu wakishaondoka.

Akakataa. Alisema, "Siku ile ulisema kwa sauti. Na hii useme kwa sauti."

Nimekubali. Hotuba itabaki Buffalo, kwenye droo hii ninayoandikia juu yake.

Nisamehe, Kaka yangu. Nisamehe kwa kicheko, kwa neno, kwa bahasha, na kwa kungoja mpaka mtoto wako anifundishe. Nakuahidi kwamba Neema ataijua kambi yote, foleni zake na nyimbo zake, na ataijua kutoka kinywani mwangu, kwa Kiswahili, hata akinijibu kwa lugha aitakayo. Pumzika. Nimechelewa, lakini nipo njiani.

Alhamisi tunatoka hapa, Wifi, Neema na mimi. Tutalala kwangu Columbus, na Ijumaa jioni tutakuwa kwa Mama. Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, makaburini Louisville. Mzee akiuliza mara ya kwanza, usikilize upande wa miguu yako. Nitakuwa nimeshasimama.

Mdogo wako,
Evelina