Nilimkana Mzee, Sasa Anadhani Akili Inamtoka

Shangazi Agnesi, shikamoo.

Naomba unisaidie maana nimefika mahali chakula hakipiti, na jambo lenyewe ukilisikia juu juu linachekesha, ndiyo maana sijamwambia mtu hata mama yangu, kila nikitaka kuanza naona ataniuliza, yaani Blandina unalia kwa sababu ya gemu?

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, nafanya kazi kwenye duka la kompyuta hapa Kariakoo, mwenye duka ni kaka Amit anayeishi Upanga, asubuhi tunafundisha watu kuchapa na mchana tunafungulia wanaolipia kwa saa kucheza gemu, na kawaida wateja wa mchana ni watoto wa shule wanaotaka mpira na magari. Mwaka huu baba yake kaka Amit, mzee Champaklal, alirudi kutoka Dubai na sidii moja tusiyoijua, hadithi ya zamani sana, Ulaya ya wafalme na mapanga, miaka zaidi ya mia sita iliyopita, kuna monasteri, nyumba ya watawa, mlimani na bruda mtunza vitabu amekutwa amekufa kisimani, na wewe mchezaji ni kijana uliyetumwa na askofu kuchunguza nani amemuua. Hukimbii wala hupigi mtu, unapeleka mshale kwa mausi juu ya mlango au kitabu au mtu, unabonyeza, mtu anasema, na maneno yake yanaandikwa chini kwa Kiingereza.

Wiki ya kwanza watu waliichukia, Shangazi. Kaka mmoja muuza vipuri alicheza dakika kumi akasema, "Dada, hii si gemu, hii ni kazi ya ulinzi, unazunguka tu kukagua vyumba, bunduki iko wapi?" na watoto wakarudi kwenye mpira wao. Kaka Amit akaniambia nisimame pembeni ya kompyuta niwasomee watu kwa Kiswahili kama wanavyofanya wale wanaotafsiri filamu kwenye mabanda ya video, kwa sababu siku naomba kazi nilimwambia Kiingereza nakijua vizuri, na ukweli ni kwamba najua cha kidato cha nne, na cha kidato cha nne chenyewe nilikipata kwa shida.

Basi nikaanza kusoma, na mabruda wote kumi na mmoja nikawapa sauti zao, abate, mkuu wao, nikampa sauti nzito, bruda mpishi nikampa sauti ya kutetemeka watu wakampenda, na mwezi haujaisha nikawa nina watu kumi na tano kila siku kuanzia saa kumi, kompyuta moja, mausi inashikwa kwa zamu, na kila hatua inapigiwa kura. Watu wazima, Shangazi. Nasor anayeuza vitambaa anamwachia dada yake Zeina duka anakuja kubishana, siku moja akauliza, "Hivi hawa mabruda hawaoi kabisa? Basi mimi chanzo cha ugomvi nishakijua." Penye Kiingereza kigumu, na ni kigumu kweli maana wanasema ya kizamani, nilitunga, na watu walinisifu.

Katika hao watu alikuwepo mzee Theophil, karani mstaafu wa mahakama, mtaratibu, ananiita mwanangu, akija na machungwa ananitengea mawili. Yeye hakuwa anaandika kitu, alisema miaka thelathini aliandika maneno ya mashahidi mpaka kichwa kikazoea kuyashika bila karatasi, na watu wakibishana yeye ndiye anasema "shahidi alitamka hivi, siku fulani," na ubishi unaisha.

Wiki tatu zilizopita tukaupata ufunguo wa kanisa la mle monasteri, ambalo lilifungwa tangu usiku wa mauaji, tukaingia, na pale altareni kuna mshumaa. Mzee Theophil akasimama akasema, "Ngojeni. Bruda mpishi alitwambia siku ya kwanza kwamba alikesha humu kanisani na mshumaa unawaka. Huo mshumaa haujawaka hata saa moja. Mimi nimekulia misheni, mishumaa ya altare nimeiwasha tangu nina miaka tisa. Mpishi anadanganya." Nasor akasema hapana mzee, mpishi alikuwa jikoni anakanda unga, dada Blandina alisoma juzi. Na kweli juzi yake nilisoma jikoni, lakini hiyo jikoni niliitunga mimi, maana sentensi ya mpishi sikuielewa hata neno moja, na hayo ya siku ya kwanza sikuyakumbuka kabisa. Wote wakanigeukia. Nikaona nikisema kanisani wataniuliza jikoni imetoka wapi, nikasema, "Hapana mzee, kanisani hajasema. Tangu mwanzo amesema jikoni."

Akaniuliza polepole, "Una hakika, mwanangu?"

Nikasema, "Nina hakika."

Nasor akasema mzee sasa unaota mchana, kesho utatuletea kesi za enzi za Mjerumani, watu wakacheka, na mimi nikacheka, Shangazi, nilicheka. Mzee akavua miwani akaifuta, akasema, "Basi nimesahau. Samahanini."

Kesho yake mchana kaka Amit alipoenda kula nilifunga mlango nikafungua mchezo wa wiki ya kwanza ya kusoma kwangu ambao ulikuwa umehifadhiwa humo kwenye kompyuta, nikachukua kamusi, nikaona kweli bruda mpishi alisema kanisani, usiku kucha, mshumaa unawaka. Nilikuwa nimesoma sawa siku ile. Mzee alilishika kila neno.

Tangu hapo hajaja tena. Juzi nilimkuta Mnazi Mmoja amekaa peke yake, nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, nikamuuliza hali, akasema, "Mwili haujambo, kichwa ndiyo hicho. Siku ile nilisikia kitu ambacho hakikusemwa, na sikukisikia kwa mbali, nilikisikia mpaka na sauti yako." Akaniambia ameandika barua ya kuacha ukatibu wa chama chao cha kuzikana, ukatibu alioushika miaka kumi na tisa, yeye ndiye anayejua kila mwanachama ameagiza azikwe wapi na nani apelekewe taarifa, akasema katibu akianza kusikia yasiyosemwa atawazika watu pasipo pao. Barua itasomwa mkutanoni Jumapili hii inayokuja. Nilitaka kusema ukweli, nikasema "pole mzee" nikaondoka.

Jumamosi kundi linamtaja muuaji, gemu inakupa nafasi moja tu, na wao wamekubaliana kumtaja abate kwa sababu mpishi wanampenda. Nikisema ukweli kaka Amit atajua Kiingereza changu, na watu watauliza mangapi mengine nimetunga, na mimi mwenyewe sijui ni mangapi. Nimewaza Jumamosi nimsomee mpishi kwa namna ambayo watu watamshtukia wenyewe, wamtaje yeye, habari imfikie mzee kwamba alikuwa sahihi, na mimi nisijulikane. Naomba uniambie kama hiyo inatosha.

Ni mimi, Blandina, Kariakoo.

SHANGAZI AGNESI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Haitoshi.

Kwanza nikutoe hofu, sijakucheka. Nimecheka mahali pamoja tu, pale pa Nasor na ndoa za mabruda. Watu wazima kumi na tano kukaa pamoja kila siku kumtafutia haki marehemu wa kwenye kompyuta ni jambo zuri, na wewe ndiye uliyeliwezesha. Sauti zako zimewapa raha. Hata kutunga kwako sikushikii bango. Wale wa mabanda ya video wanatunga mchana kweupe na mtaa mzima unajua.

Kosa lako ni maneno mawili: nina hakika. Mzee alikupa mlango wa kutokea. Alikuuliza kwa upole, tena kakuita mwanangu, ungeweza kusema "sikumbuki, mzee" na dunia ingeendelea. Wewe ukamfungia mlango usoni, halafu ukacheka na wenzio. Nimekasirika, sikufichi. Machungwa yake ulikuwa unayala!

Sasa huo mpango wako wa Jumamosi, uache leo hii. Mzee akisikia kwamba mpishi ndiye aliyeua, atasema "nilibahatisha". Yeye halii kwa ajili ya bruda wa kisimani. Anachougua ni kwamba alisikia neno kwa masikio yake, na mtu yuleyule aliyelisema akamwambia halikusemwa. Anaamka asubuhi anajiuliza ni mangapi mengine anayoyasikia peke yake. Hakuna kompyuta itakayomtoa hapo. Neno lilitoka kinywani mwako, na ni kinywa chako tu kinachoweza kumrudishia.

Kwa hiyo nenda nyumbani kwake. Si Mnazi Mmoja, nyumbani, mbele ya mke wake au watoto, yeyote utakayemkuta, kwa sababu na wao wameshaanza kumwangalia kwa jicho la huruma na wanatakiwa wasikie. Usitangulize machozi. Ukilia, mzee mwenye utu kama huyo ataanza kukubembeleza wewe, na mtasahau kilichokupeleka. Mwambie umekagua mchezo wa wiki ya kwanza, mwambie mpishi alisema nini, na mwambie ulimkana kwa kuona aibu. Akinyamaza, nyamaza. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, kesho rudi.

Kisha omba mwongozane kwa mwenyekiti wa chama mkaichukue ile barua kabla ya Jumapili. Akisema hana haja, nenda peke yako umweleze mwenyekiti. Chama cha kuzikana hakiwezi kumpoteza katibu mwenye kichwa kile kwa sababu yako.

Jumamosi, kabla kompyuta haijawashwa, simama uwaambie wote, Nasor akiwa wa kwanza kusikia. Naye ana lake la kumwambia mzee, na mtu aliyekuwa mwepesi wa kumcheka mtu asiwe mzito wa kuomba radhi. Watauliza umetunga mangapi. Waambie hujui, na waambie mtarudi nyuma mkiwa na kamusi mezani. Mimi nadhani wataanza upya kwa furaha, ila hilo si la muhimu.

Kaka Amit anaweza kukuachisha kazi. Sikuambii hawezi. Ukiachishwa, utatafuta kazi nyingine, una miaka ishirini na minne. Mzee Theophil hana kichwa kingine cha kutafuta.

Barua yako ilinifikia Jumanne na gazeti linatoka Ijumaa. Majina nimeyabadilisha na jina la duka sikulitaja, lakini mtu aliyeupima mshumaa kwa macho atajiona humu kabla hajamaliza chai yake. Akijua kwa kusoma, utakuwa umemkosea mara ya pili. Muuza magazeti wa hapo kwenu anafungua saa kumi na mbili na nusu. Duka acha, kandambili ni hizohizo ulizovaa, nenda ukamwambie: mzee, ulisikia sawasawa.