Bwana Harusi Bado Hana Viatu

Rodi Kopany,
Jumatatu asubuhi, Pasaka ikikaribia.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake kando, asije akasema nimemlisha sahani moja na wewe. Goti lako limepoa? Na mvua, imefika hapo Voi au bado inazungukazunguka kule juu Wundanyi ikiwacheka? Mimi ni mzima. Mafua yalinishika wiki mbili, yakaniachia sauti ya kiume, wateja wakawa wananijibu "ndiyo bwana". Hoteli inakwenda vizuri.

Naandika mbiombio kwa sababu ya barua ya Kaka Mwadime. Anasema unamsafishia stoo aweke simiti ya duka lake, na kwamba ile mikebe yako ya filamu umemwahidi fundi wa koroboi. Fundi achukue bati, filamu zichomwe. Tena anasema uliguna ukauliza, "Siku hizi nani atakaa chini atazame picha zisizo na rangi?"

Baba, usichome. Nisome mpaka chini kwanza. Swali lako nina jibu lake.

Unajua nilivyoondoka nyumbani, na sitajifanya nimesahau. Ulipogawa vitu, Kaka alipata duka na shamba la bondeni. Mimi nikapewa projekta uliyoachiwa na watu wa gari la sinema, na mkebe mmoja. "Chukua chuma chako," ulisema, na waliokuwepo wakacheka. Nikaja huku na belo la mitumba, nikauza Migori, nikauza Homa Bay, nikalala kwenye vibaraza vya watu, mpaka nikafungua hoteli hapa Rodi bila hata msumari mmoja kutoka dukani kwa Kaka. Nyuma ya hoteli nikajenga ukumbi wa mabati wa video. Benchi kumi na mbili, watu saba kila benchi wakikaa kwa adabu, tisa wakikaa wanavyokaa. Naonyesha kanda za karate kwa deki. Chuma chako kilikuwa chini ya kaunta, kimebebeshwa gunia la vitunguu.

Sasa sikia. Huku Jumamosi ukumbi haufunguliwi, nusu ya watu ni Wasabato, kwa hiyo Jumapili mchana ndiyo siku yenyewe. Jumapili moja mwezi uliopita wameshaingia, milango imefungwa, magunia yameshatundikwa madirishani kuzuia jua, na deki ikaumeza mkanda. Ikautafuna kama ng'ombe. Watu wakaanza kupiga benchi kwa viganja. Nikapiga hesabu: benchi kumi na mbili mara tisa, watu mia moja na wanane, nirudishe viingilio vyote? Mkono ulikataa. Nikakimbia kaunta, nikatupa gunia la vitunguu pembeni, nikarudi na chuma chako na shuka la kitanda changu.

Unaikumbuka picha ile. Yule bwana harusi mrefu, anaamka siku ya harusi, viatu havipo, anatoka kuvitafuta mji mzima na suti yake na soksi. Ilipotokea kwenye shuka, kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mathe, TV yako imeharibika rangi."

"Si TV. Ni sinema. Ndivyo ilivyo."

"Si uongeze rangi kidogo tu? Hata ya kijani?"

Mwingine akamdakia, "Wacha, hao watu wa zamani walikuwa wanaishi ndani ya moshi." Wakacheka, lakini kicheko cha kunicheka mimi, Baba, kile ninachokijua tangu siku ya mgao. Watatu wakainuka kwenda mlangoni.

Hapo ndipo alipoingia Okumu. Okumu ni fundi cherehani, mtu wa Rusinga, anashona kwenye kibaraza changu, na mdomo wake haujui kufungwa. Sauti ya mkanda ule ilikufa zamani, na wewe ndiye uliyekuwa ukiwasemea watu wa kwenye picha kwa kipaza sauti. Hilo Okumu hakuambiwa na mtu. Aliona bwana harusi anamwendea askari, midomo inacheza, akashindwa kuvumilia. Akamsemea kwa Kidholuo: "Afande, umeona viatu vyangu?" Kisha akaikaza sauti, akawa askari: "Mimi nina viatu, wewe una soksi. Leta kitu kidogo tuzungumze."

Ukumbi uliporomoka kwa kicheko. Wale watatu wa mlangoni wakarudi, wakakuta nafasi zao zimeshakaliwa, wakaketi sakafuni. Tangu hapo hakuna aliyeuliza rangi. Bwana harusi akigonga mlango wa jirani, Okumu anasema. Jirani akimfungulia na kumfungia, Okumu anasema. Hata mbwa Okumu alimsemea. Akina mama wa nguo kuukuu walikuwa wanafuta machozi kwa bidhaa yao.

Sasa huku kuna desturi ambayo sikuifikiria. Wanaiita pakruok. Mahali pa ngoma, mtu furaha ikimjaa anatupa sarafu, mpigaji ananyamaza, yule mtu anasimama mbele ya wote anajisifu: yeye nani, mtoto wa nani, ametokea wapi, rafiki zake akina nani. Akimaliza ngoma inaendelea. Ni heshima, si majivuno. Basi bwana harusi yuko katikati ya barabara, gari linakuja, na Okumu akaruka mbele, sarafu ikalia sakafuni, akanguruma:

"Nyar Voi! Simamisha hiyo kitu!"

Nyar Voi ndiyo mimi, yaani binti wa Voi. Kwa sauti ile nilidhani mtu amekanyaga waya. Nikazima injini inayouvuta mkanda. Taa sikuizima.

Najua umeshashika kichwa. Miaka yote ulitufundisha, taa kwanza, injini baadaye, mkanda ukisimama mbele ya taa unaungua. Okumu amesimama mbele ya shuka, kifua mbele: "Mimi Okumu, mtoto wa kisiwa, mimi sindano isiyopinda, mimi nimevalisha maharusi wa Rusinga mpaka Kosele, na hakuna hata mmoja aliyetoka kwangu bila viatu!" Na nyuma yake, uso wa bwana harusi unaanza kuchemka. Likatoka tone la hudhurungi puani. Likapanuka, likawa la machungwa, likawa jekundu pembezoni, na kijana yule wa nyuma akaruka juu ya benchi akipiga kelele:

"Rangi! Rangi imekuja!"

Watu wakasimama wote wakapiga makofi. Walidhani ni picha yenyewe, kwamba bwana harusi ameungua kwa aibu. Okumu alidhani makofi ni yake, akaongeza babu wawili. Mimi niko nyuma napepea moshi kwa kanga.

Nilikasirika, halafu nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikakata pale palipoungua kwa wembe, nikaunga kama ulivyonionyesha, kwa gundi yako iliyokuwa bado hai ndani ya kichupa. Sasa bwana harusi anaruka ghafla kutoka katikati ya barabara hadi ukutani, na Okumu ameshalipatia jambo hilo neno: mruko ukifika anapiga kelele, "Mama mkwe!" na ukumbi wote unamwitikia. Ajisifuye naye nimemwekea sheria: anatupa sarafu, mimi nazima taa kwanza, nasimamisha injini, nawasha karabai mbele ya shuka ili sura yake ionekane. Hapo ataje mpaka mababu wa mababu.

Deki ilitengenezwa wiki ile ile. Jumapili iliyofuata nikaweka karate, ya rangi, mpya. Haijafika popote mama mmoja wa Kosele akaniuliza, "Na yule mtu wetu?"

"Mtu wenu nani?"

"Wa soksi."

Mtu wao, Baba! Nikamtoa. Na Jumapili nyingine nikamtoa tena. Sitakudanganya kwamba kila mtu anampenda. Wapo vijana wanaosema ni mambo ya wazee, na siku za katikati ya wiki ni karate tu, bila hiyo silipi umeme. Lakini Jumapili ni ya bwana harusi, na benchi zile zile kumi na mbili hazitoshi. Kuna bwana wa Migori mwenye ukumbi mkubwa kuliko wangu, alikuja kuniomba nimkodishe mkanda. Nimemkatalia, kwa sababu ninayotaka kukueleza sasa.

Mkebe ulionipa ni nusu ya picha. Hata chuma changu ulinipa nusu! Mkanda wa kwanza unaishia kengele za kanisa zinapigwa, bibi harusi ameshashuka garini, na bwana harusi ameona viatu vyake vinapita miguuni mwa mtu mwingine. Kisha weupe. Kila Jumapili weupe ule ukitokea, ukumbi unalia "Aaaa!" kama goli limekosekana. Kisha wanageuka kunitazama mimi.

"Nyar Voi, anavipata?"

Wanagombana barabarani. Okumu anasema ataoa na soksi zake. Yule mama wa Kosele anasema mwizi wa viatu ni kaka yake bibi harusi. Yule kijana wa rangi anasema bibi harusi atavua vyake, waingie kanisani pekupeku wote wawili. Na mimi siwezi kuwajibu, kwa sababu sijui. Ulikuwa ukituchukua vijijini, Kaka anakaa mbele ya shuka na watu, mimi nakaa kule gizani nikilinda waya wa jenereta usikanyagwe. Mkanda wa pili ukianza, unanituma nikalale garini. Mwisho wa picha ile sijauona maishani. Uko stoo kwako, ndani ya mkebe ambao Kaka anataka kuukalia na simiti.

Jana Okumu aliniambia mbele ya wote, "Wewe unatuzimia taa sisi, lakini hujasimama hata siku moja. Kwani huna baba?"

Nikazima taa, nikazima injini, nikatupa sarafu yangu mwenyewe. Nilipofika mbele ya karabai nikaona kwamba pakruok haina nafasi ya malalamiko. Huwezi kusimama ukasema, mimi niliyenyimwa duka. Unataja ulichotoka nacho. Nikasema: "Mimi Wakesho, Nyar Voi. Mimi binti wa mtu aliyepandisha mwanga milimani Taita, akatandika shuka penye giza, akawapa sauti watu wasio na sauti. Duka lina wa kulirithi. Mimi nilirithi mwanga!"

Baba, walipiga mabati. Hawakupiga makofi, walipiga kuta zenyewe. "Mlete! Mlete huyo mzee!" Nikarudi kwenye projekta, nikawasha injini kwanza, taa baadaye.

Kwa hiyo mwambie fundi wa koroboi nitamtafutia bati lingine. Mkebe wa mkanda wa pili usiutume kwa mkono wa mtu. Panda basi, uje nao mapajani. Chumba nimekupakia chokaa, na Okumu amekubali kukupisha kipaza sauti, ingawa anasema atakaa karibu iwapo utachoka. Ukiendesha wewe, safari hii silindi waya. Nitakaa benchi ya mbele.

Msalimie Mama, mwambie aje pia kama kuku watapata mlinzi. Msalimie Kaka Mwadime, ndiyo, naye, pamoja na shemeji na watoto, na umwambie simiti isubiri. Shangazi wa kanisani na jirani yetu wa kisima wasikose salamu.

Ukifika, watakukimbilia stendi wakuulize, "Anavipata?" Usimwambie mtu. Hata mimi usiniambie.

Binti yako wa chuma,
Wakesho